Kivuli si cha Mtu Mmoja



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa bara na bahari. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja wa mtaa wetu huku Kisauni alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Mwanawe wa miaka tisa amevunjika mguu. Alikuwa akicheza mpira na wenzake barabarani, mbele ya ploti wanayokaa, pikipiki ikampitia. Mtoto amefungwa plasta na, alhamdulillahi, anaendelea vyema. Lakini mama hakuja kutaka dua. Alikuja na swali.

"Sheikh," alisema, "watu wananilaumu kwamba nimemwachilia mtoto njiani. Nami nauliza, nimpeleke wapi? Nyumba yetu ni chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Uga waliokuwa wakichezea umekwisha. Nimfungie ndani mpaka abaleghe?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Sababu ya kunyamaza kwetu twaijua, nasi tutaieleza humu humu, kwani si uungwana kumnasihi mwenzio huku umelificha lako.

Uga anaoutaja mama yule twaujua sana. Ulikuwa na mkungu mkubwa katikati, na chini yake jioni mabibi wawili wakikaanga viazi vya karai na bajia. Watoto wa chuoni wakimaliza Kurani baada ya Alasiri walikuwa wakikimbilia pale na misahafu bado kwapani, mpaka tukawakemea waipeleke nyumbani kwanza. Akifa mtu, viti vya matanga vilipangwa pale. Ikija harusi, maturubali yalifungwa pale. Hapakuwa na kibao wala lango, na hakuna aliyewahi kuuliza ni pa nani, kwa kuwa kila mtu alidhani ni pa wote.

Miaka saba iliyopita wazee watatu walitujia barazani. Walikuwa wameona vigingi vimepigwa pembezoni mwa uga, nao wakatuomba tufuatane nao hadi ofisi ya ardhi, tukaulize ramani yasemaje. Walitutaka sisi kwa sababu, walisema, mwenye kanzu na kilemba husikilizwa. Tukawajibu kwamba tuna darsa, na kwamba mambo ya ploti ni ya wanasiasa. Wazee wale hawakurudi tena. Baada ya miezi michache yakaja mabati, kisha mkungu ukakatwa, kisha misingi ikachimbwa. Leo pana ghorofa nne, na chini yake maduka. Huenda aliyejenga ana hati zake halali, na hilo si la kuhukumiwa gazetini. Letu sisi ni kwamba hatukuuliza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya umma ndiyo ya kwanza kukosa daftari.

Kwa hivyo mama yule alipouliza ampeleke wapi mwanawe, tulihisi kwamba tumeulizwa sisi. Ndiyo maana juma hili twaliandika jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu huenda wakaliona si la dini: bustani, viwanja, na miti ya mji wetu.

Mji unaokua bila kupumua

Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliwakuta wakaazi wa Kaunti ya Mombasa ni 939,370. Ile ya mwaka 2019 iliwakuta 1,208,333. Ndani ya miaka kumi, basi, wameongezeka karibu watu 270,000, na ardhi haikuongezeka hata shibri moja. Kisiwa kimejaa zamani. Watu wanahamia viungani, Kisauni, Likoni, Changamwe, Mikindani, na wengine wanavuka mpaka wa kaunti hadi Mtwapa. Mahali palipokuwa mashamba ya minazi na miembe leo ni majumba ya kupanga, yamebanana hata dirisha la huyu latazama ukuta wa yule.

Hatusemi watu wasijenge. Makaazi ni neema, na mwenye kumpa mtu pa kukaa ana fungu lake. Twasema kwamba mji ni kama mwili. Mwili una mifupa na nyama, lakini pia una mapafu. Mji usioachiwa mahali pa wazi unakosa pa kuvuta pumzi, na wa kwanza kukosa pumzi ni wale wanaoshinda ndani: watoto wadogo, wanawake, wazee na wagonjwa. Mwanamume ana baraza lake, ana mkahawa wake, ana msikiti. Mkewe aliye ghorofa ya tatu ana nini?

Alhamdulillahi, yapo yaliyobaki. Ipo bustani ya Uhuru pale kwenye Pembe, ingawa wengi hupita mbele yake bila kuingia. Upo uwanja wa Makadara, ambao kila mtoto wa Mombasa anaujua kwa bembea za Idi. Upo ufuo wa Mama Ngina, ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Azania, wenye mibuyu ya kale, upepo wa bahari, mihogo ya kukaanga na madafu. Ufuo huo ulitengenezwa upya, na mwaka 2019 Sikukuu ya Mashujaa ya taifa zima iliadhimishwa pale. Na ipo mikoko ya hori la Tudor, ambayo huizuia topetope isiingie baharini na kuwalea kamba na samaki wadogo. Wengi huiona kama chaka la kutupia taka, ilhali ni kitalu cha riziki yetu.

Kisha kuna Bamburi. Kiwanda cha simiti kilianza kuchimba mawe ya matumbawe pale mwaka 1954, na baada ya muda pakabaki mashimo makubwa, jangwa jeupe la chumvi na jua ambalo hata jani halikuota. Mwaka 1971 bwana mmoja Mswisi, Rene Haller, alijaribu kupanda miche ya aina 26. Aina tatu tu ndizo zilizosimama, mmoja wao mvinje. Lakini majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza, na bila ya kuoza hakuna udongo. Dawa ilipatikana kwa majongoo. Waliletwa wakala majani yale, na kinyesi chao kikawa mbolea, na mbolea ikawa udongo, na udongo ukaotesha miti mingine. Mwaka 1984 mahali hapo pakafunguliwa kwa wageni. Leo ni msitu, na watoto wa shule huja kuwatazama twiga na viboko. Wengi mwakumbuka kiboko mdogo Owen, aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Disemba 2004, akaletwa pale na kumfanya kobe mkongwe aitwaye Mzee kuwa mamake.

Twakitaja kisa hiki kwa sababu moja. Jongoo ni mdudu ambaye tukimwona chumbani twamfagia nje. Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bure, na ardhi iliyouawa na mashine kubwa ilifufuliwa kwa kiumbe tunachokidharau.

Dini yetu na mahali pa wazi

Sasa turudi kwa yule anayesema kwamba haya si mambo ya dini. Na tumwonyeshe Madina.

Mtume (S.A.W.) alipoufanya mji wa Madina kuwa mtukufu, aliharimisha kukata miti na kuwinda baina ya nyanda zake mbili za mawe meusi. Abu Huraira (R.A.) alikuwa akisema kwamba hata akiwaona paa wanakula majani Madina hatawashtua. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipomkuta mtu akikata miti katika eneo hilo alimnyang'anya alichokuwa nacho, na watu wake walipokuja kukidai, akakataa kukirudisha. Hiyo ndiyo hifadhi, miaka zaidi ya 1,400 iliyopita, na katikati yake mlikuwa na mji wa watu wanaoishi, wanaonunua na kuuza.

Zaidi ya hayo kuna jambo ambalo mafakihi huliita hima, nalo ni ardhi inayozuiliwa kwa maslahi ya umma. Kabla ya Uislamu, mkubwa wa Kiarabu akipapenda mahali penye majani alimpandisha mbwa wake kilimani akabweka, na kila pembe mlio ulipofika pakawa pake, haingii mwengine. Wanyonge wakabaki na jangwa. Mtume (S.A.W.) aliivunja desturi hiyo, akabainisha kwamba hakuna hima ila iliyo ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, maana yake iliyo ya manufaa ya Waislamu wote. Kisha akaihifadhi Naqii kwa ajili ya farasi wa umma. Katika zama zetu mbwa hana haja ya kupanda kilima. Zatosha shiti kumi za mabati na kibao cha "Mbwa Kali".

Baadaye Sayyidna Umar (R.A.) alihifadhi malisho ya Rabadha, akamweka msimamizi aitwaye Hunay. Wasia aliompa wafaa kusomwa na kila mwenye kusimamia bustani ya umma. Alimtaka awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan, nao walikuwa matajiri wakubwa na masahaba watukufu. Sababu yake ilikuwa wazi. Matajiri wale mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, ama maskini akifiwa na wanyama wake atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa akilia.

Tuipime hekima hiyo kwa hali yetu. Mwenye nyumba yenye bustani nyuma ya ukuta hafi kwa kukosa uga wa mtaa. Anayeuhitaji ni mtoto wa chumba na sebule. Kwa hivyo bustani yenye kiingilio asichokimudu mzazi mwenye watoto watano, au inayofungwa ili wafanyiwe karamu wachache, imewageukia wasiokuwa wake. Wasimamizi wetu na wauzingatie wasia wa Umar.

Na liko jambo jengine ambalo kina mama mnalijua vyema zaidi. Sunna ya sala ya Idi ni kutoka nje, uwanjani. Mtume (S.A.W.) aliuacha msikiti wake, pamoja na fadhila zake zote, akaenda kusali Idi mahali pa wazi. Bibi Ummu Atiya (R.A.) amesimulia kwamba waliamrishwa kuwatoa wanawake wote, hata wanawali na hata wenye hedhi, hawa wa mwisho wajitenge na mahali pa kusalia lakini wahudhurie kheri na dua ya Waislamu. Basi mji usiokuwa na uwanja, sunna hii itafanyiwa wapi? Tukikubali kila uga ujengwe, tutakuwa tumeifunga kwa matofali amri iliyowatoa mama zetu nje siku ya furaha.

Je, wanawake waende bustanini?

Swali hili hutujia mara kwa mara, aghalabu kutoka kwa waume, na mara nyingi ni wake zao wanaotuletea. Wapo ndugu zetu wanaoona kwamba mwanamke kwenda Mama Ngina au Bamburi ni kufungua mlango wa fitina. Twaiheshimu hofu yao, kwani mtu mwenye wivu kwa ahali yake ana imani. Lakini hofu haiwi sheria.

Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alimshinda, na baadaye alipopata mwili, Mtume akamshinda yeye, akamfanyia mzaha kwamba hiyo ni badala ya ile. Tena Bibi Aisha alisimama nyuma yake Mtume akimsitiri, akiwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao, mpaka alipochoka mwenyewe kutazama. Nyumba ile tukufu haikuona haya kwa furaha ya halali.

Kwa hivyo jibu letu ni kwamba yafaa, tena ni kheri, kwa adabu zake. Nendeni na waume zenu, na kaka zenu, au kina mama kwa kundi. Vaeni vazi la stara. Chagueni saa na pembe isiyo na msongamano: asubuhi ya Jumamosi si sawa na usiku wa Idi. Chukueni mkeka na chupa ya maji ya udhu, msipitwe na sala. Na nyinyi waume, msiseme hamna wakati. Mtu anayepata saa mbili za kunywa kahawa kila usiku hakosi saa mbili kwa juma za kukaa chini ya mti na wanawe.

Na mkishafika, pachungeni mahali penyewe. Kuondoa udhia njiani ni sadaka, na mfuko wa nailoni ni udhia. Mtume (S.A.W.) ametuonya tusijisaidie katika njia ya watu na katika kivuli chao, akalihesabu jambo hilo kuwa lenye kuleta laana. Twataja haya kwa masikitiko, maana kuna mibuyu katika mji huu ambayo mtu hawezi kuisogelea kwa harufu. Aliyeifanya hivyo ni nani kama si sisi?

Waliosimama wakauliza

Kina mama wengine watasema: haya yote twayajua, lakini sisi tuna sauti gani mbele ya wenye fedha? Tuwape mfano wa nchini mwetu.

Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, jijini Nairobi. Mwanamke mmoja, Profesa Wangari Maathai, alianza kuandika barua. Alitukanwa bungeni, akaambiwa anyamaze kama mwanamke mwenye adabu. Hakunyamaza, na jumba lile halikujengwa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alikwenda na wenzake kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa umegawanywa kwa wajenzi, wakapigwa, naye akajeruhiwa kichwani. Leo Karura ni msitu, na familia za Nairobi hutembea humo kila mwisho wa juma na watoto wao. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hakuwa wa dini yetu, lakini hekima ni kilichompotea Muislamu, akikiona popote hukiokota.

Wala si lazima twende mbali. Pale Gazi, Kwale, akina mama wa kijiji walijijengea njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na wageni hulipa kidogo kupita humo wakaitazama. Kijiji hicho hicho na jirani zake wanailinda mikoko kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, na mapato yake yameingia katika maji na shule. Hao ni mama zetu wa buibui na leso, wenye lugha kama yetu.

Sheria nayo ipo upande wetu kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 chaitaka serikali ifanye juhudi nchi iwe na miti kwa kiasi kisichopungua asilimia kumi ya ardhi yake. Na kifungu cha 70 chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikitishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Kwa maneno mengine, huna haja ya kungoja mguu wa mtoto uvunjike.

Nasaha zetu

Kwanza, kila mtaa na ujue ardhi yake. Kamati za misikiti, za madrasa na vikundi vya akina mama vikae na mzee wa mtaa, viorodheshe viwanja vilivyobaki, kisha viende ofisi ya ardhi kuuliza kila kimoja kimeandikwa kwa jina gani. Majibu yawekwe kwa maandishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe utajengwa na mwengine. Kwa mizani ya fikihi, jambo hili twaliona lina sura ya faradhi ya kutosheana: wakilisimamia baadhi, wengine wamepumzika, na wakiliacha wote, wote wana la kujibu.

Pili, wenye mali na wafikirie wakfu. Tumezoea kuweka wakfu nyumba za kodi na visima, na ni kheri kubwa. Lakini Sayyidna Umar alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar, alisharutisha isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na manufaa yake yawafikie mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni. Naye Abu Talha (R.A.) alikuwa na bustani aliyoipenda kuliko mali yake yote, ikiitwa Bayruhaa, iliyoelekea msikiti wa Mtume, na Mtume mwenyewe (S.A.W.) alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake matamu. Iliposhuka aya ya kutoa katika tunavyovipenda, akaitoa, na kwa ushauri wa Mtume akawagawia jamaa zake. Je, hakuna mmoja wetu mwenye nusu eka Kisauni au Likoni atakayeiweka wakfu iwe kivuli cha watoto wa mtaa? Tume ya Wakfu iko papa hapa Mombasa, na milango yake yajulikana.

Tatu, tupande. Imepokewa kwamba Muislamu hapandi mche akala katika huo ndege, mwanadamu au mnyama ila huandikiwa sadaka. Na tumeusiwa kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi una mche, ukiweza kuupanda, upande. Asiye na kiwanja ana ndoo: asumini hukubali ndooni, na mrehani pia. Mwenye ua na apande mwarobaini au mkungu. Kila madrasa ina mahali pa mti mmoja. Nasi twajiambia wenyewe kwanza, kwani darasa letu jipya tulipolijenga tuliukata mwembe, na hatukupanda badala yake.

Tumerudi kwa yule mama. Tumemwambia: hukukosa, na anayekulaumu kwa kumwachilia mtoto njiani na akulaumu pamoja nasi. Tukamweleza habari ya wale wazee watatu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi Sheikh, kile kiwanja cha nyuma ya shule ya msingi nacho kina vigingi viwili. Nimeviona juzi."

Wale wazee watatu wamebaki wawili, mmoja ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulikwenda kwao baada ya sala ya Isha, tukawaomba radhi, wakatusamehe. Jumatatu asubuhi, inshallah, tutafuatana nao ofisi ya ardhi, na mama yule pamoja na wenzake wawili watakuwa nasi. Darsa ya Jumatatu imeahirishwa.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa tulichokinyamazia. Waponye watoto wetu, wape wazazi wao subira, na ujaalie katika mji huu kivuli kwa asiye na kivuli. Utukumbushe siku ile ambayo hakutakuwa na kivuli ila chako, na utujaalie tuwe chini yake. Amin.

Wallahu aalam. Tukutane juma lijalo, inshallah.